Mzungu wa Begani kwa Babu

Mwezi uliopita walifungua maonyesho ya picha za zamani kule chini Cyangugu, katika ukumbi wa hoteli moja iliyotazama ziwa. Niliteremka kutoka Kamembe kwa moto, pikipiki ya abiria, nimevaa kitenge changu kizuri, nina hamu kama mtu anayekwenda kumwona ndugu aliyepotea. Sisi ambao nywele zimekwisha kugeuka tunapenda kuonyeshwa mahali tulipochezea. Na kwa kweli picha zilikuwepo. Maduka yenye baraza ndefu, kabla bati halijaliwa na kutu. Malori yenye pua za duara yamepanga foleni kusubiri kuvuka mpaka kwenda Bukavu, upande wa Kongo. Wanawake wa kisiwa cha Nkombo wanashuka kwenye mitumbwi, vikapu vya sambaza, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Zote zimechapishwa kubwa, zimetiwa fremu nyeupe, na watu wanazunguka na glasi za juisi mkononi wakiulizana, "Hapa si kwa nani hapa?"

Kisha nikasikia vigelegele upande wa dirishani, na pua yangu ikapokea harufu ya vanishi mbichi.

Walikuwa wametengeneza tipoyi. Kwa asiyeijua, tipoyi ni kiti kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu. Mkubwa anakaa juu, watu wanne wanaingiza mabega chini, safari inaanza. Hii ilikuwa mpya kabisa, inang'aa, imewekwa pale ili wageni wapigie picha. Vijana wanne wa kukodishwa walikuwa wamefungwa vitambaa vyeusi kiunoni, vifua wazi. Bibi harusi mmoja na mume wake walikuwa wamebanana kwenye kiti, gauni jeupe limemwagika pande zote, naye anacheka, "Polepole, munatuangusha!" Simu zimeinuliwa kila upande.

Ukutani juu yao ilining'inia picha yenyewe waliyoiga. Maandishi ya chini yalitaja jina la mzungu aliyeketi, na cheo chake, na alikokuwa akienda. Halafu yakasema: na wapagazi wake. Wa pili kutoka kushoto alikuwa babu yangu. Nilimtambua kwa masikio, maana ndiyo haya niliyo nayo mimi.

Mate yalinijaa mdomoni, yale mepesi yenye chumvi yanayotangulia kutapika. Nikatoka nje, nikatema kwenye maua ya hoteli. Askari wa mlangoni akanisogelea.

"Maman, munagonjwa?"

"Hapana, mwanangu. Nimeona vya kutosha."

Nikapanda kilima kwa miguu.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye ule mteremko kati ya ziwa na kanisa, na Babu alikuwa na chumba chake cha nyuma. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kwa watu wa kabila la Bashi. Alivuka akiwa kijana akitafuta kazi, kazi ikamkuta, na hakurudi tena. Ndiyo maana kwetu tulisema Kiswahili hata tukigombana. Babu alikuwa mtu mkimya, msafi, mwenye kupiga mswaki kwa mkaa asubuhi na jioni. Lakini kwenye bega la kulia alikuwa na nundu.

Sijui niielezeje kwa mtu aliyekwisha kula. Ilikuwa kubwa kama kiazi cha kushibisha mtoto. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko mwili wote, ngumu, inametameta kama kisigino, na wakati wa kiangazi ilipasuka mistari ikatoa maji ya manjano. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kuipaka mawese ya vuguvugu. Maman, mama yangu, alinipa kikombe kidogo, nami niliingia chumbani nimebana pumzi. Ukikandamiza, kitu kilisogea mle ndani, kikateleza kutoka kidole hiki kwenda kile. Harufu ya mawese yaliyochacha na jasho la zamani iliingia chini ya kucha zangu. Nilinawa kwa majivu, nikajisugua ukutani, na bado nilipomega bugali ile harufu ilitangulia tonge kufika puani. Nilimpenda Babu. Bega lake lilinitia kinyaa, na sikujua mtoto afanye nini na vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Siku moja nilimuuliza, "Babu, hii ni nini?"

"Ni muzungu," akasema. "Nilimubebaka zamani. Mpaka leo hajashuka."

Hakucheka. Angecheka ningejua. Basi nikaamini kama ninavyoamini kwamba ziwa lina maji. Kuanzia hapo niliyapaka yale mafuta kwa hofu. Niliwaza kwamba mle ndani amekaa mzungu mdogo, amekunja magoti, ana kofia, anakunywa mawese ninayompelekea, na ndiyo maana hapungui. Usiku wa mvua nilimwonea huruma Babu kwa kulala na mgeni. Mara moja nilifinya kwa kucha, nione kama atapiga kelele. Aliyepiga kelele ni Babu.

"Ee, Nabintu! Unamutafutia nini?"

"Nataka atoke."

Akanipokonya kikombe, akajipaka mwenyewe siku hiyo.

Papa, baba yangu, alikuwa dereva asiye na gari. Tajiri wake alikuwa ameuza malori, na tangu hapo Papa alishinda kwenye gereji za watu Kamembe akishika tochi na kupewa sambaza za kupeleka nyumbani. Maman alikuwa mjamzito, miguu imevimba, haongei sana. Ndipo wakaja Musiyu na Madamu. Ndivyo tulivyowaita, majina yao sikuyajua. Walikuwa Wazungu wawili wa makamo wanaozunguka mkoa wetu, kwa kuwa babu wa Musiyu alikuwa mkubwa wa serikali huku enzi za ukoloni. Walihitaji dereva anayejua Kifaransa. Papa alipata. Asubuhi ile ya kwanza aliosha gari lao kwa mswaki wake wa meno, nasi tukala mkate.

Nadhani alitaka tu kuwafurahisha alipowaambia kwamba baba yake aliwahi kubeba tipoyi. Kesho yake wakafika kwetu na bahasha kubwa.

Mimi nilielewa vyema kwa nini wamekuja. Walikuwa wamemfuata ndugu yao. Nilijificha nyuma ya mlango nikiangalia kama wameleta kisu.

Maman alikuwa ameazima vikombe. Madamu aliupangusa ubao wa kiti kwa kitambaa kabla ya kuketi, akaiacha chai ipoe mpaka ikaota ngozi. Sambaza zetu zilikuwa zimeanikwa uani, nami niliiona pua yake ikizikwepa. Mimi nami nilizikwepa mikono yake. Jua lilikuwa limeibabua, ngozi inatoka vipande vipande kama ya kiazi kilichochemshwa, na alinukia manukato yaliyochanganyika na maziwa ya jana. Nilishangaa mtu wa hivyo anawezaje kutuona sisi ndio wachafu.

Musiyu akatoa picha, akamwekea Babu magotini. Ndiyo ile ile niliyoikuta ukutani mwezi uliopita. Babu aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha kidole chake kikapita juu ya mzungu wa kwenye kiti bila kusimama, kikateremka kwa wale wa chini.

"Huyu wa mbele ni Mugisho," akasema. Alikuwa akimwambia Papa ili Papa atafsiri. "Tulitoka kijiji kimoja. Siku ingine mvua ilinyesha, akateleza pale kwa kona. Kiti kikainama. Huyu mwenye kukaa hakuanguka. Kofia yake ndiyo ilianguka mu matope. Kwa sababu ya ile kofia, Mugisho alipigwa kiboko mpaka akajinyea mbele ya muke wake. Hakuamuka tena. Tulimuzika na mikono, kwa sababu majembe yalikuwa ya serikali. Umuambie vile."

Papa alikuwa akitokwa na jasho juu ya mdomo. Aligeuka kwa Musiyu, akasema maneno machache, na katikati yake nililijua moja, *gentil*, kwa kuwa mwalimu wetu alilitumia kumsifu mtoto mpole, mwema. Maneno yote yale ya Babu, mvua na kona na majembe, yalikuwa yamekuwa hayo tu. Nilifikiri Kifaransa ni lugha fupi. Nilifurahi hata, nikajiambia nitajifunza upesi.

Musiyu macho yalimjaa machozi. Akaushika mkono wa Babu kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, hauachi.

"Anasema nini?" Babu akauliza.

"Anashukuru, Papa."

"Umemuambia Mugisho?"

"Nimemuambia."

Babu akautazama mkono wake mle ulimozama. Baadaye, walipoondoka, aliuosha.

Jioni Papa alimfuata chumbani, nami nikiwa na kikombe changu cha mawese nilikuwa mle mle. Musiyu alitaka kupiga picha nyingine kwenye kona ile ile ya picha ya zamani, yeye akiwa kitini kama babu yake, na Babu pembeni. Seremala alikuwa amekwisha kuanza kutengeneza kiti. Na Musiyu alikuwa na rafiki Bukavu, mwenye kampuni, anayetafuta dereva wa kudumu.

"Hautabeba, Papa. Vijana ndio watabeba. Wewe utasimama tu. Ni photo."

"Kwa sababu ni photo ndiyo sitaki. Kubeba inaishaka," Babu akasema. "Photo haiishake."

"Maman Nabintu atazaa na nini? Na sambaza?"

Nilisikia mafuta yakidondoka kutoka kidoleni mwangu.

"Nitaenda kwa ajili ya bibi yako," Babu akasema mwishowe, "na mutoto mwenye ako mu tumbo. Haiko kwa ajili yako. Ujue vile."

Jumapili baada ya misa nusu ya mtaa ilikuwa pale konani. Kiti kilinukia vanishi ambayo haijakauka vizuri. Vijana wanne walikuwa wakijitazama viganja vilivyonata na kucheka. Musiyu alivaa kofia ngumu nyeupe aliyoitoa sijui wapi. Akapanda. Vijana wakainua, mmoja akajifanya anaanguka, watu wakapiga makofi. Madamu alikuwa na kamera shingoni. Babu alisimama pembeni ya mti wa mbele wa kiti, katika shati lake la kanisa lililofungwa vifungo mpaka kooni, amenyooka kama askari.

Madamu alipiga moja, akatikisa kichwa. Akasema kitu kwa Papa akijigusa bega. Papa akatazama chini. Madamu akarudia kusema, na Musiyu naye kutoka juu akasema, kwa upole kabisa, anatabasamu.

Papa akamwendea baba yake.

"Wanaomba shati, Papa. Kidogo tu. Wanataka bega lionekane."

Babu alibaki amenyooka vile vile. Basi Papa mwenyewe akaanza kumfungua vifungo. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, karibu sana. Niliona vidole vya Papa vikikosea tundu, vikirudi. Shati likashuka. Mtaa mzima ukaliona lile bega nililokuwa nikiliona mimi peke yangu, kwenye jua, na mawese ya jana yakimetameta juu yake. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Ihii!" kama aliyekanyaga kitu. Madamu akasogea. Akanyoosha kidole, akaibonyeza nundu, ikateleza. Akaibonyeza tena upande wa pili, kuifuata.

Mimi nilibana pumzi. Nilijua saa imefika. Sasa mzungu mdogo atasikia watu wake na atajibu.

Babu aligeuza shingo akamtazama Papa, ambaye mikono yake ilikuwa bado imeshika shati. Mdomo wa Babu ukafunguka. Yakatoka matapishi, uji wa asubuhi wote, mara ya kwanza kwenye kifua cha Papa, mara ya pili kwenye miti iliyopakwa vanishi na kwenye viatu vya Madamu. Vijana waliruka, kiti kikatua upande, Musiyu akashuka ameshikilia kofia. Harufu kali ya uchachu ikapanda na joto. Madamu alirudi nyuma amefunika pua kwa kitambaa kile kile alichopangusia kiti chetu.

Nilikimbia mbele, na hili sijawahi kumwambia mtu. Watu walidhani namkimbilia Babu. Nilikwenda kuinama juu ya matapishi, nikatafuta. Nilitafuta kwa macho kwenye uji na mate, nikihakikisha, kofia, magoti, chochote. Hakukuwa na mzungu. Palikuwa na uji tu, na Babu amejikunja, uti wa mgongo umemtoka, analia kwa sauti ndogo ya mtu anayekohoa.

Papa alipiga magoti. Nilifikiri atamshika. Lakini alianza kukusanya udongo kwa mikono miwili, akaufunika ule uchafu mbele ya viatu vya Madamu, haraka haraka, akisema "*Pardon, pardon*," na kila aliposema alikuwa akimwangalia Musiyu. Aliyemvalisha Babu shati ni Maman, alikuja na tumbo lake kutoka nyuma ya watu akiwasukuma kwa viwiko.

Siku hizi nikisikia watu wakisema neno aibu nashindwa kuelewa wanamaanisha nini. Aibu ni nyepesi. Nilichokiona pale kilikuwa na ladha, kilikuwa na joto, kiliingia puani. Na chenye kunichafua roho zaidi siyo Madamu na kidole chake. Yeye alikuwa mgeni, akaenda zake. Ni ile mikono ya Papa inayofunika kwa udongo kitu alichokitapika baba yake, kama paka.

Kesho yake Papa aliondoka mapema. Baadaye tulisikia kwa majirani kwamba picha ilipigwa. Walimpata mzee mmoja wa Gihundwe, mlinzi wa shule aliyestaafu, ambaye hajawahi kubeba mtu maisha yake yote. Walimfunika bega kwa kitambaa, akasimama, akacheka alipoambiwa acheke. Musiyu aliondoka ameridhika. Rafiki yake wa Bukavu alimwajiri Papa.

Babu alipopata habari hizo hakugombana na mtu. Aliomba tu Maman ampe jiko dogo la mkaa, akaanza kujipikia chumbani mwake. Papa alirudi kila mwisho wa juma akitokea ng'ambo, na Babu alimsalimu kama unavyomsalimu jirani: amani, habari ya njia, amani. Nundu hakuniachia tena niipake. Alisema nimekuwa mkubwa, nami, nisiseme uongo, nilishukuru.

Mshahara wa kwanza ulipotoka Papa alileta nyama ya ng'ombe. Ilikuwa nyama ya kweli, yenye mifupa ya uboho. Maman akaipika na ndizi tangu mchana, na nyumba yote ikanukia nyama, mpaka watoto wa jirani wakaja kusimama kwenye ua bila kusema walichofuata. Papa alikwenda mwenyewe kugonga kwa Babu. Sijui alimwambia nini. Babu alitoka, akaketi na sisi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kwetu mkubwa ndiye anayeanza. Maman aliweka sahani katikati, akamnawisha Babu mikono, akamnawisha Papa. Babu hakuanza. Tukangoja. Mchuzi ulikuwa ukitoa moshi, kisha ukaacha. Mafuta yakaanza kuganda pembezoni, meupe.

"Papa, mukule," Maman akasema. "Inapoa."

Papa akachagua kipande kizuri, kisicho na mfupa, akaushika mkono wa baba yake, akakiweka kiganjani na kukifunga vidole juu yake, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika. "Papa," akasema, "nilifanya kwa ajili yetu sisi wote."

"Najua," Babu akasema. "Ile ndiyo mbaya."

Akakaa na kile kipande mkononi muda ambao mimi niliuona kuwa hauna mwisho, maana nilikuwa na njaa. Halafu akageuka upande wangu, akafungua kiganja.

"Nabintu, kuya. Kula. Wewe uko unakomaa."

Nilimtazama Papa. Papa alikuwa akitazama sahani. Basi nikakichukua kutoka kiganja cha Babu, kina joto la mkono wake na siyo la jiko, nikakitia mdomoni, wakanitazama wote watatu nikitafuna. Ilikuwa tamu. Sijapata kula nyama tamu kama ile.